Viatu vya Mheshimiwa

Katibu alileta picha tatu, zote za kifuani kwenda juu:
moja bungeni, moja harusini,
moja kanisani, mdomo wazi katikati ya wimbo.
Akasema: mita tatu kasoro, mkono wa kuume mbele,
mwezi wa sita iwe imesimama.
Baba akauliza, na miguu?
Katibu akacheka. Miguu ni miguu, mzee.

Basi baba akavua viatu vyake
pale pale uani petu, Katuba,
vile alivyopewa na kampuni pamoja na cheti
siku ilipompa mkono wa kwaheri,
akaviweka juu ya gunia, akavitazama asubuhi nzima.
Akavikuza kwa udongo mara moja na nusu
bila kusahau kitu:
fundo la kamba iliyokatika ikaungwa,
kidole gumba kinachosukuma ngozi,
kisigino cha kulia kilicholika upande wa nje
kwa sababu ndoo ya shaba iliwahi kumwangukia
na tangu hapo akawa anatembea kama mtu anayesikiliza.

Mukuba tuliununua kwa kilo.
Koki za bafu, vitasa, sufuria ya arusi ya shangazi Kyabu,
kengele ya shule isiyokuwa tena na shule.
Nyaya zililetwa na vijana usiku,
zimechomwa ganda, bado zinanuka.
Baba hakuuliza.
Kesho yake giza lilishika avenyu yetu
kuanzia kwa Mama Ngalula hadi kwenye daraja,
naye akajua, peke yake mjini,
tumboni mwa Mheshimiwa mna taa ngapi.

Makala yote yalikwenda tanuruni.
Tulikula bukari nusu mbichi wiki mbili,
na mama hakusema neno, alikuwa anahesabu.

Siku ya kufunua alikuja mwenyewe,
Mheshimiwa Adalbert Kilufya,
miaka thelathini na mmoja kitini,
bendera mbili, vyama vinne, kiti kile kile.
Aliizunguka. Akashika kidevu chake, akashika kile kingine.
Akasema pua imezidi kidogo.
Chini hakutazama.
Baba alikuwa nyuma ya tarumbeta, nyuma ya kamba,
shati jeupe na kandambili,
maana viatu vilikuwa vimekufa na udongo.

Nusu ya fedha ililipwa.
Nusu ya pili iko njiani, alisema katibu,
na ni kweli, hadi leo iko njiani.
Baba alikwenda ofisini mara kumi na tisa.
Mara ya ishirini tulimbeba sisi,
na hatukumpeleka ofisini.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hawakusema kaburi la muundaji liko wapi.
La kwake lilikuwa na msalaba wa mbao,
mchwa wakaumaliza kwa mvua mbili,
na jirani yake wa kushoto akaongezeka, na wa kulia,
hata sasa tukienda tunasali kwa kukisia.

Kwa hiyo mwezi wa kumi,
jakaranda zikishamwaga zambarau yao juu ya vumbi,
tunakwenda kwenye mzunguko.
Mama hubeba jivu na ndimu.
Tunasugua viatu tu.
Kwa hiyo Mheshimiwa ni kijani, kutu imemfika kope,
na chini anawaka kama aliyekanyaga moto.
Watu wameanza kuzungumza.
Wagombea huja alfajiri kuvigusa wapate bahati.
Mwanangu, Mwaba, huweka kidole kwenye kisigino,
pale palipolika. Haulizi tena.

Mwaka huu polisi alitusogelea.
Ninyi ni wa chama?
Hapana.
Mnamfahamu huyu?
Mama hakuinua kichwa.
Kuanzia magotini kwenda chini, akasema.
Polisi akafikiri, akaomba hela ya sukari.
Mama akampa nusu ya ndimu iliyobaki.