Daftari la Jikoni

Baba alikuwa sherifu, na jela ilikuwa nyumba yetu:
ukuta mmoja wa udongo kati ya kitanda changu
na minyororo ya watu.
Wilaya ililipa senti arobaini kwa mfungwa, kwa siku.
Mama akapika maharage, pilipili nyekundu,
akaandika kila sahani.

Epifanio Lucero alirudi usiku, vumbi la Rio Puerco ndevuni,
akavua nyota kwanza, viatu baadaye.
Nyota ililala kwenye kibakuli cha chumvi.
Hatukuigusa.

Februari akamleta mjomba Anselmo,
mikono imefungwa kwa kamba yetu ya kuanikia nguo.
Farasi kumi na mmoja, chapa zimechomwa upya.
Mama hakulia. Aliuliza tu:
"Amekula?"

Damu nzito kuliko maji, husema watu;
kwetu vilichemka chungu kimoja.
Siku ishirini na tatu nilipitisha sahani chini ya nondo.
Mjomba akanifundisha mluzi wa vidole viwili,
tukaitana ukutani kama ndege,
na baba, macho wazi gizani, akajifanya amelala.

Kisha gari la Santa Fe likamchukua.

Baba alikufa kwa kichomi, si kwa risasi.
Waombolezaji walitazamana
kana kwamba amewapunja hadithi.

Daftari ninalo mimi. Majina, siku, senti.
Ukurasa wa Anselmo, safu ya malipo ni tupu,
ila chini kabisa, mwandiko wa baba, mzito, wa kukwaruza:
*Huyu alikula kwetu.*