Mizani Mbili

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
mimi ndiye ninayempima Aili Kangas.
Kabla ya mashine ya kusafisha damu, kilo sitini na nne na nusu;
baada yake, sitini na mbili.
Tofauti ni maji.
Figo zake ziligoma mwaka ule daraja lilipofungwa,
na tangu hapo ana lita moja kwa siku,
kahawa humo humo, supu humo humo,
hata kipande cha barafu anachomumunya usiku
tunakihesabu.

Leo ni Jumamosi, hakuna mashine.
Tumo ndani ya Dolores, boti ya Delmar Trudeau
(Dolores mwenyewe aliondoka zamani;
kupaka jina upya ni gharama).
Wagonjwa wanne, muuguzi mmoja, ndoo ya chambo,
na pande zote Ziwa Superior,
maji matamu hadi macho yachoke,
baridi ya Juni inauma kama deni.

Mpango wenyewe uko hivi:
Bwana Skoglund wa mbao ameahidi
dola hamsini kwa kila kilo ya samaki
itakayosomeka kwenye mizani ya gatini kabla ya saa nane.
Tunataka gari.
Theluji ikija, maili arobaini huwa bahari,
na mtu akikosa mashine mara mbili, tatu,
hatumpimi tena.

Asubuhi nzima, patupu.
Clayton anatapika kwa adabu, upande upepo unakoelekea.
Delmar anashusha kamba zenye risasi futi mia na ishirini,
anazipandisha, anaguna, anazishusha,
anasema samaki wamesikia leo ni siku ya sadaka,
wamejificha kama matajiri.

Aili haongei.
Mkono wa mashine, wenye mshipa uliovimba,
ameuficha ndani ya koti;
ule mwingine ameuning'iniza nje,
vidole vinalima maji.
Nilidhani ni kiu. Nikamuuliza.
"Miaka thelathini nimeendesha basi la shule
kando ya ziwa hili," akasema.
"Sikuwahi kulitazama. Nilitazama barabara."

Saa sita na robo fimbo ikapinda.
Alikataa kusaidiwa.
Alimvuta kwa mkono mmoja, na tumbo,
na matusi ya Kifini yasiyohitaji mkalimani,
mpaka trauti, wa kijivu,
mwenye madoa kama mvua ya kwanza juu ya vumbi,
akatua miguuni petu akipiga sakafu.

Huyo mmoja tu. Tukageuza.

Njiani nikamwona.
Alikuwa na chupa yake,
ile yenye mstari mwekundu niliouchora mimi,
lita yake ya Jumamosi, haijaguswa.
Akampanua samaki mdomo
kama anayemnywesha mtoto dawa,
akamimina. Taratibu. Yote.
Akaziba koo kwa leso.
Akaniona nimemwona.
"Lita moja," akasema, "ni kilo moja.
Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilitazama ziwa. Lilikuwa kubwa sana
na halikuwa na neno.

Gatini, Orrin akamtundika kwa taya, kichwa juu.
Mshale ukasita kwenye nane na nukta saba.
Kisha tone likachungulia mkiani,
likaanguka juu ya kiatu cha Skoglund.
Likafuata la pili.
Skoglund akatazama kiatu.
Akatazama chupa tupu mkononi mwa Aili,
na midomo yake iliyokauka mpaka kupasuka.
"Andika tisa," akasema.
Akasogeza mguu.

Jumatatu alikuja na kilo pungufu ya kawaida yake.
Nikampima tena, kwa kuwa ndiyo kazi.
Kwenye daftari kuna safu ya sababu;
kwa kawaida huandika chumvi, au homa, au amesahau.
Nikaandika: samaki.