Yusufu wa Chafya

Tangu Agosti nimechora macho ya watoto wachanga
mia nne na kumi na wawili.
Nukta mbili nyeusi, ncha ya sindano,
pumzi imebanwa, mkono usitetemeke.
Hapa Areguá barabara nzima ni udongo uliochomwa:
Mariamu kwa dazeni, ng'ombe kwa kreti,
na watu wa Asunción husimamisha magari,
huuliza bei, huguna, hununua.
"Krismasi ya huku lazima iwe tamu," huniambia.
Nacheka. Mfinyanzi hulia gaeni.

Mwaka huu hata gae sikulitaka.
Mama alituacha Juni.
Yeye ndiye aliyeingia kichakani na panga
kukata matawi ya pango la Noeli,
yeye na magoti yake mabovu, akigombana na siafu.
Sanduku lake liko juu ya kabati.
Nililitazama kama mtu anavyolitazama deni.
Padre alisema tuiandae mioyo.
Dada yangu Zunilda alipiga simu kutoka Rosario:
"Jilazimishe kidogo, moyo utafuata."
Nikamjibu, moyo si mbwa.

Mkesha, saa saba mchana, lami inanata kwenye ndara.
Nilifunga kibanda. Rafuni palibaki
visivyonunulika:
kondoo asiye na sikio,
mamajusi wawili (wa tatu alivunjikia tanurini),
na Yusufu mmoja niliyekuwa namchora
nikapiga chafya,
nyusi moja ikapanda hadi kwenye nywele.
Wateja walimshika, wakatabasamu, wakamrudisha.

Ndipo akapita Isidro, mwana wa Bi Eduvigis,
begani shada la maua ya mnazi wa miiba,
la njano, la mwisho.
"Chukua, mama. Kesho halitauzika."
Akaliegemeza mlangoni, akaenda zake.
Hakuniuliza kama niko tayari.

Jamani, harufu ile.
Msioijua niwaambieje?
Asali iliyosahauliwa juani,
ganda la tikiti,
shingo ya mama akitoka kanisani.
Haikubisha hodi. Iliingia kama mwenye nyumba,
ikaketi, ikanitazama nilivyoketi.

Sitasema moyo uliwaka.
Moyo ulikuwa palepale, umekunja mikono.
Ila miguu ilikwenda kutafuta panga.
Nikakata matawi mawili, matatu, mabaya,
siafu wakaniuma kwenye kifundo, walipozoea kumuuma yeye,
nami nikawatukana kwa matusi yake, neno kwa neno,
kwa sauti yake.
Nikacheka. Nikalia.
Nikaendelea kukata.

Saa tatu usiku pango lilisimama,
limeinama kidogo upande wa choo.
Yusufu nikampanga mbele.
Ukimtazama vizuri, hakukosewa:
mwanamume aliyeletewa habari kama ile
angekuwa na nyusi za namna gani?

Mtoto hakuwepo. Wote waliuzwa,
hata mmoja hakurudishwa kwa kasoro.
Nikaingia jikoni, nikamega donge la chipa,
unga wa muhogo, jibini, mayai, mafuta,
nikafinyanga kichwa, nikafinyanga tumbo.
Macho nikayaacha.
Nimechoka kuchora macho.
Nikamwoka pamoja na mikate mingine.

Saa sita fataki zililipuka ng'ambo ya ziwa,
mbwa akajichimbia chini ya kitanda.
Nikamlaza horini, bado wa moto.
Watoto wa jirani wakaja, kama walivyozoea kumjia mama;
hakuna aliyewaambia kwamba mwaka huu hapana.
Mdogo wao, Rosalí, miaka minne,
alimtazama Yusufu, akapandisha nyusi yake mwenyewe,
kisha akamng'ata mtoto mguu
kabla sijasema neno.
Akatafuna. Akafikiri.
"Chumvi imezidi," akasema,
akanimegea.