Barua ya Tatu

Kwa Afisi ya Pensheni.
Mimi ndimi Koplo mstaafu Ngumbao Kitsao,
wa Barani, Malindi, nyuma ya kinu cha nazi,
na sijafa.
Nalitaja hilo kwa sababu barua yenu ya pili
mliwaandikia "warithi".

Mnauliza, kisanduku namba kumi na nne,
ugonjwa uligunduliwa kabla au baada ya kustaafu.
Baada. Miaka minne na miezi miwili baada.
Daktari Maimuna aliipachika dirishani picha ya kifua changu,
jua la saa nne likapita kati ya mbavu,
likakwama.
Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa ukichoma makaa?"
Nikamwambia hapana, nilikuwa jeshini.
Akaandika. Sijui aliandika nini,
lakini kalamu ilikawia.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Changu kilijificha.
Kilipanda lori nami, kikashuka nami,
kikapiga saluti siku ya kuagana,
kikala pilau ya watu, kikanyamaza
hadi nilipomaliza choo, nikanunua mbuzi watatu,
nikadhani sasa ni mimi na Nyevu na usingizi.

Kambi ile ng'ambo ya mpaka ilikuwa na shimo.
Fomu yenu hailitaji, basi nalitaja mimi.
Urefu wa basi, kina cha mtu na nusu.
Kila alfajiri tulitia humo tairi, betri, plastiki,
bandeji, dawa zilizoharibika,
mara moja friji nzima na nyama yake,
na kwa miezi kumi na minane
mwenye dumu la dizeli alikuwa mimi.
Moshi mweusi, mtamu kidogo kooni.
Tabibu wa kambi alinipa vidonge vyeupe,
akaliandika jina langu kitabuni,
akasema, kunywa maji, rudi zamu.

Mwautaka ukurasa wa kitabu hicho.
Nami nautaka.
Siku tulipovunja kambi, amri ilikuwa karatasi zote zichomwe.
Sanduku nililibeba mwenyewe. Kitabu kilikuwa juu,
jalada la kijani, kona imeliwa na mchwa.
Nikakitia. Nikakimwagia dizeli.
Nilikuwa askari mtiifu, afande,
na jina langu likapanda, likaniingia puani.

Na muhuri wa MZIMA mnaonionyesha, ni wa kweli.
Siku ya kupimwa niliulizwa, unaumwa?
Nikasema la. Waliosema ndiyo walibaki benchini hadi wiki ya pili,
na basi la Malindi lilikuwa linaondoka saa mbili usiku.
Kama hilo ni kosa, liandikeni.

Mliniita nikapimwe kiwango cha ulemavu.
Afisi iko ghorofa ya tatu, lifti imekufa.
Vidato arobaini na kimoja. Nilikaa cha tisa, nikakaa cha kumi na saba,
vingine sikuhesabu,
Nyevu akinipepea kwa bahasha yenu.
Karani akanitazama, akaandika:
"Amepanda mwenyewe."

Pafukapo moshi pana moto, tulifunzwa utotoni.
Nyinyi mwataka moto uje na tarehe, na sahihi, na mashahidi wawili.
Mmoja, Mutinda, amezikwa kwao Kitui.
Mjane wake amenitumia picha:
sisi wawili, vijana, meno nje,
na wingu jeusi limesimama nyuma yetu
kama mtu wa tatu aliyechelewa kupigwa picha.
Nimeiambatanisha.
Haina tarehe. Najua.

Mvua ikipiga bara, siku nyingi baadaye
Sabaki huleta tope, bahari yetu ikawa nyekundu.
Sijasikia mtu wa Malindi akiidai bahari
ithibitishe kwamba tope si lake.

Jibu lije kwa jina langu.
Na mleta barua akibisha, asiondoke upesi.
Kutoka kitandani hadi mlangoni, siku hizi,
ni safari.