Ngege wa Nguzo ya Saba

Siku sita napiga nyuso zilizo hai:
kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke,
picha nne za pasipoti, pazia jeupe nyuma.
Siku ya saba nafunga kibanda changu cha Kibuye,
nabeba kamera ya baba mkwe na miguu yake mitatu
hadi hekalu la mawe nyuma ya stesheni,
nikakae na nyuso zisizonidai chenji.

Huku hakuna anayepepesa.
Mcheza ngoma wa nguzo ya kwanza ameinua kisigino,
na tangu achongwe hajakishusha.
Pua imekwenda. Vidole viwili vimekwenda.
Kilichobaki ndicho kinachocheza.

Mzee Vrajlal, mwenye funguo, husema
nguzo zilikuja kwa meli, kisha kwa treni,
zimefungwa majani makavu kama mayai.
Sita zilifika nzima.
Ya saba ilivunjika njiani, ikachongwa upya hapahapa,
na nani, hakumbuki. Chai inapoa, anasema. Kunywa.

Nimejifunza kungoja.
Jua la mchana la Kisumu ni bapa kama sinia,
linafuta kila mkunjo, linamfanya mungu ukuta.
Lakini saa kumi na moja na robo
nuru huingia kwa ubavu, imeinama
kama mgeni anayevua viatu,
na jiwe linaanza kuvuta pumzi:
kitovu, kikuku, ukingo wa kope.
Nahesabu nne. Nahesabu nane.
Roli moja, picha kumi na mbili, bei ya nusu gunia la mkaa.
Aghalabu narudi nyumbani sijapiga hata moja.

Kisha Machi moja nuru ikapenya
nisipowahi kuiona ikipenya:
nyuma ya nguzo ya saba, karibu na sakafu,
chini ya tembo, chini ya yungiyungi,
samaki.

Si samaki wa hadithi za mbali.
Ngege. Miiba ya mgongo imesimama, mdomo mnene,
tumbo la kushiba.
Ngege wa Dunga, ngege wa kuliwa na ugali.

Kijana gani huyo,
patasi ya watu mkononi, tumbo tupu la saa saba,
aliyemficha hapa? Ilikuwa sahihi yake? Ilikuwa njaa?
Bamba la marumaru mlangoni nimelisoma lote:
wauza mafuta, wauza saruji, wauza vitambaa,
na kila mmoja alitoa kiasi gani.
Mwenye ngege hayumo.

Nikajiona mvumbuzi.
Felgona wa kuosha sakafu akapita na ndoo.
"Huyo?" akasema. "Huyo namwogesha kila Jumatatu,
mwaka wa kumi na tisa huu.
Wee Japicha, ulidhani alikuwa anakungoja wewe?"

Akapiga goti. Kitambaa kikapita shavuni,
na hapo ndipo nikaona shavu lilivyolainika,
magamba ya upande ule hayapo,
yameliwa na pamba, na maji, na huo mkono.
Lenzi yangu haijampunguzia kitu.
Wala haijamsafisha.

Nikapiga moja tu.

Bafuni kwangu Manyatta, taa nyekundu,
beseni la plastiki, dawa inanuka siki.
Natikisa polepole.
Kwanza hakuna. Kisha mwiba. Kisha jicho.
Kisha yote yake, yanaelea:
baada ya ukavu wa miaka yote ile
amerudi majini,
nami nimeinama juu yake
nisijue nimtoe au nimwache aende.

Jumatatu nilimpelekea Felgona karatasi.
Akaisogeza mwangani. Akaigeuza,
akautazama mgongo wake mweupe,
akaigeuza tena,
akabonyeza shavu la ngege kwa kidole gumba
kama afanyavyo sokoni
kabla ya kuuliza bei.