Maoni ya Mpima Karafuu

Waheshimiwa wa Kamati,
mumesema tulete maoni kabla ya Ijumaa
juu ya sheria ya mitandao ya kutafutia wachumba.
Mimi ni Mize binti Shaame, wa Wete,
mpima karafuu kituoni, msimu wa kumi na moja huu.
Vina sina. Mizani ninayo.

Kila msimu ukianza huja kijana kutoka Unguja
na kisanduku cha vyuma: kilo tano, kumi, ishirini.
Huvipanga juu ya mizani yangu mbele ya watu,
akiridhika hupiga muhuri, asiporidhika hufunga kituo.
Sijawahi kumchukia.
Mwenye gunia haniamini mimi, Mize, dada yake Kombo.
Anauamini muhuri.

Sasa huyo aliyejiita Nassor.
Fundi wa mitambo ya meli, yuko Salala,
mjane, ana binti mmoja anayelilia urojo wa kwetu.
Shati jeupe, meno yote mahali pake.
Siku arubaini aliniandikia, "Umelala?"
nami, ambaye tangu nipewe karatasi yangu
hakuna aliyetaka kujua kama nimelala au nimekufa,
nilijibu, "Bado."

Usiku wa arubaini na moja mtoto akaugua.
Laki mbili.
Kisha tiketi, laki tatu na nusu.
Kisha mtu wa forodha akaizuia mahari,
nilipe ushuru wa mahari yangu mwenyewe.
Nikalipa.
Mimi!
Ninayetia mkono ndani ya gunia hadi kwapani
nikatoa makonyo yaliyofichwa chini!

Sura ile niliikuta Chake baadaye,
ukutani kwa daktari wa meno.

Wala musinihubirie habari za mshenga.
Mume wangu wa kwanza aliletwa na mshenga.
Wazee waliuliza babake nani, anasali wapi, anadaiwa na nani;
hawakuuliza mkono wake una wepesi gani.
Alikaguliwa, akapigwa muhuri,
kisha nikapigwa mimi.

Rasimu yenu nimeisoma, pale ubaoni ofisi ya wilaya.
Kifungu cha tisa: kila anayejiandikisha
alete kitambulisho na barua ya sheha.
Sheha wetu ni Hamad Faki,
ami yake yule yule mwenye mkono.
Nikiomba barua saa tatu,
saa nne iko sokoni, inanadiwa pamoja na changu,
na alasiri mama yangu yuko kitandani na presha.

Nanyi karafuu mnaijua.
Mlipotaka kila punje ipite mikononi mwenu,
wanaume walitoka usiku kupitia mikoko, bila ya taa,
magunia mabegani.
Moyo ni mwepesi kuliko gunia.

Basi pimeni mizani. Musimpime mwenye gunia.
Aliyefungua duka la wachumba ajulikane,
awe na ofisi yenye mlango
na mtu wa kuufungua tukigonga.
Picha ya wizi ikamatwe kabla haijanisalimia.
Fedha ikitoka kwa mpweke kwenda kwa asiyemjua
ilazwe njiani siku tatu,
kama karafuu mbichi jamvini, ipigwe jua kwanza.

Na kingine, hiki kiandikeni kwa wino mzito:
nilipokwenda kituo cha polisi
koplo alifunga daftari akasema, "Bi mkubwa, na umri huu?"
Wenzake wakacheka, hata aliyekuwa mahabusu.
Andikeni kifungu: ni marufuku kucheka.

Nyongeza, kwa kuwa nimeapa kusema kweli.
Programu ile sijaifuta.
Jana usiku kaniandikia mtu wa Mkoani,
asema anauza matairi.
Nikamwuliza bei ya tairi la nyuma la Vespa.
Kajibu papo hapo,
na bei ni ile ile niliyoulizia dukani leo asubuhi.

Nimeilaza simu kifudifudi.
Nimeigeuza tena.