Likilimba ya Vita

Mimi ndiye ninayeshika kaye ya likilimba
pale soko la Kenya, upande wa samaki wakavu.
Wanawake kumi na mmoja. Mistari kwa rula:
jina, alichotia, alichopokea.
Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba,
na kidole gumba hakijawahi kunidanganya.

Watu huniuliza: mliunganaje ninyi,
na Ngoya hasemezani na Mama Kapinga
tangu ile kesi ya ndoo ya maji?
Nawaambia, mwizi ndiye aliyetuunganisha.
Alivunja kibanda cha Ngoya, tukasema pole.
Akavunja cha Kapinga, tukasema pole sana.
Alipovunja cha tatu ndipo tukachanga za mlinzi.
Usiku ule hakuna aliyempenda mwenzake zaidi.
Tulihesabu vibanda vilivyobaki, basi.

Nadhani hata mataifa yalifanya hivyo.
Mwizi wao alikuwa na ndege na vifaru.
Alimeza jirani wa kwanza, wakasema pole.
Akameza wa pili, wakaandika barua ndefu.
Ubelgiji ilimezwa kwa siku kumi na nane,
nyumba nzima na vyombo, mfalme akiwa ndani.
Lakini siku ya kuchanga Ubelgiji ilikuwepo,
imeketi London, mfuko umetuna.

Umetuna na nini?
Hapo ndipo kaye inaponiwasha mkononi.

Babu yangu Mwepu alikuwa mtu wa tanuru,
chini ya dohani ndefu, shaba ikitiririka
kama uji ambao hakuna mtoto angeweza kuunywa.
Saa za kazi zikaongezwa. Posho ikabaki ileile.
Kapita akasema: hii ni ya vita.
Babu akauliza: ya nani?
Kapita akatazama moshi.

Mdogo wake, Kalunga, alipewa koti na bunduki.
Akapanda treni, akapanda meli, akatembea
mpaka milima ya Wahabeshi, kule Saio,
kumtoa Mwitaliano katika nchi ya watu.
Alirudi na sufuria ya jeshi
na neno moja la kule, lenye maana ya maji.
Bibi Chola alipikia sombe katika sufuria ile
mpaka ikatoboka.
Kalunga hakusema kwamba alikwenda bure.
Alisema: nimeona vijiji vilivyoungua,
mwizi alikuwa mwizi kweli.
Nami nimeandika hivyo, kwa wino wa buluu,
maana hesabu ya haki haifichi hata lile lisilonifaa.

Desemba ya mwaka wa arobaini na moja
watu wa tanuru waliomba nyongeza.
Mafranga machache tu. Unga ulikuwa umepanda.
Walikusanyika uwanja wa mpira,
na askari wakafyatua risasi.
Babu alirudi na kiatu kimoja.
Cha pili, alisema, kimebaki na jirani yangu,
naye jirani
amebaki.

Mwezi uliofuata, ng'ambo ya bahari,
mataifa ishirini na sita yalitia sahihi karatasi moja:
tutapigana pamoja, hakuna atakayepatana
na mwizi peke yake, gizani.
Maneno mazuri. Ningeyabandika juu ya jalada.
Nimeyasoma mara mbili, nimeshusha kidole
jina kwa jina mpaka chini,
nikitafuta alama ya kidole gumba,
chenye kovu la moto upande wa ndani.

Jumamosi ni zamu ya Kapinga kupokea.
Ngoya ndiye atakayempelekea pesa.
Bado hawasemezani.
Atazihesabu mbele yake, noti kwa noti,
atamwachia juu ya meza, atageuka.
Hiyo inatosha. Sikuwahi kudai zaidi.

Lakini nyuma ya kaye, ukurasa usio na nambari,
nimepiga mstari wangu mwenyewe.
Mwepu: mapafu. Kalunga: miguu.
Jirani, jina halikumbukwi: vyote.
Safu ya tatu nimeiacha nyeupe.
Ngoya aliiona juzi, akauliza
kama wanachama hawa wameshahama.
Nikamwambia hapana,
wanangoja zamu.